Jiwe Lisilo na Namba

Sanduku lilikuja limefungwa kwa kamba ya katani,
na panya walikwisha kulisoma kabla yangu.
Nje, Mtaa wa Tom Mboya una kelele zake za mchana,
muuza njugu, muuza chaja, mhubiri na kipaza sauti.
Humu ndani ni feni, vumbi, na mimi.

Karatasi ya kwanza ni ya ziwa:
"Alama ya nne. Mwamba mweusi, umbo la ngamia aliyepiga magoti.
Maji futi sita chini ya goti.
Upepo umeng'oa hema tena. Z. Perlow, mpimaji."

Naigeuza. Mgongoni, kwa taipu iliyochoka utepe:
"Sinagogi, Nairobi. Ndugu Zelig,
Ijumaa iliyopita tulikuwa tisa.
Tulisimama mlangoni tukitazama barabara
hadi taa zikawashwa.
Bila wa kumi, kuna maneno hatuwezi kuyasema.
Unarudi lini?"

Kumbe ndivyo alivyokuwa: jangwani karatasi haitupwi.
Barua ikimfikia, anaisoma, anaigeuza, anapima.
Mikoma mitatu ufukweni,
na nyuma yake bei ya mvinyo wa Pasaka.
Chemchemi ya maji moto,
na nyuma yake harusi ya binti Rosenkier, mvua iliyoharibu keki.
Kisha hii:
"Malka tumemzika jana. Tulifika kumi
kwa kumwomba mgeni mmoja kutoka hotelini."
Naigeuza polepole.
Alama ya tisa. Hakuna futi, hakuna upepo.
"Leo sikupima."

Bwana Wekhomo anataka vitenganishwe.
Ziwa liende Ramani na Upimaji,
sinagogi liende Jumuiya za Dini, ghorofa ya juu.
"Kila kitu na kabati lake, Akai."
Nikamwuliza karatasi moja nitaichana vipi
mbele ibaki huku, nyuma iende kule.
Akacheka, akaenda kunywa chai.

Jioni nikampigia mama, Loiyangalani,
upepo ukila nusu ya kila neno.
Nikamsomea alama ya nne.
"Ngamia? Ngamia gani? Huyo sisi tulimwita Mkunga,
anapiga magoti kupokea mtoto.
Siku hizi humwoni. Maji yamempita kichwa,
yamechukua na duka la Ewoi, na choo cha shule.
Huyo mzungu wako aliandika maji yako wapi?"
Chini ya goti, mama.
Akanyamaza. Au ni mtandao.

Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na soksi,
ya sufu, imetiwa kiraka kisiginoni,
na ndani ya soksi jiwe jeusi, kama yai la kanga,
na kikaratasi kilichokunjwa mara nne:
"Kwa Malka. Kutoka gotini."

Faili hubeba karatasi. Jiwe halina namba,
halina kabati, Bwana Wekhomo angelirusha dirishani.
Lakini mimi ni mtu wa kule.
Kwetu ukikuta rundo la mawe njiani unaongeza lako,
huulizi aliyelala chini ni wa nani.

Jumapili nikampata Bi. Dvora Lifkin, na funguo zake,
na fimbo anayoitumia zaidi kuonyeshea kuliko kutembelea.
Makaburini nikamwomba radhi kwamba sikuleta maua.
"Maua ni ya watu wenye haraka," akasema.
"Sisi huweka jiwe."
Nikamwuliza siku hizi wanafika wangapi.
"Saba. Wanane kukiwa hakuna foleni.
Hoteli bado zinatusaidia."
Akanionyesha kaburi, akageuka kusoma majina mengine,
kwa makusudi, nadhani.

Jumatatu niliandika daftarini, kwa wino, si kwa penseli:

Karatasi arobaini na moja, pande mbili. Zisitenganishwe.
Kamba ya katani.
Soksi moja, tupu.